Dirisha la Chumba cha Nne

Saa moja asubuhi, siku moja ya Machi 1908, wachukuzi wawili walipanda ngazi za nyumba yetu wakiwa na machela ya mianzi. Nyuma yao alipanda Foo Kwai Sang, aliyeikodi nyumba nzima kutoka kwa mwenye nyumba na kuipangisha tena chumba kwa chumba. Walikuwa wamemfuata Lau Yuet Kam, mshona viatu vya nguo wa chumba cha nne, ghorofa ya juu. Alikuwa akitema damu tangu Mwaka Mpya.

Hapa Singapuri mgonjwa asiye na tumaini hafii katika chumba cha kupanga. Hupelekwa mtaa wa nyumba za kufia, akalazwa juu ya ubao, akangoja zamu yake, na duka la majeneza liko papo hapo. Chumba alichofia mtu hubaki na roho yake, na hakuna anayekipanga. Mara nyingine ghorofa nzima huhama. Mimi ni karani katika ofisi ya kuandikisha vifo, na najua jambo moja zaidi: kifo huandikwa pale kilipotokea. Mji ulikuwa ukizika watu wapatao arobaini katika kila elfu kwa mwaka, wengi kwa homa, kuhara, beriberi na kifua kikuu. Hata hivyo, kwa hesabu za ofisi yetu, nyumba niliyoishi haikuwa imeua mtu hata mmoja. Mtaa wa nyumba za kufia ndio ulioonekana kuwa hatari.

Chumba changu kilikuwa cha tatu, na ukuta wa mbao uliotutenganisha haukufika darini. Nilisikia yote, kisha nikatoka nikaona.

"Haya, Dada Kam," Foo alisema. "Machela mpya kabisa. Huko nimekulipia hadi chai."

"Kainywe wewe." Yuet Kam alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kiunoni kwa kitambaa hadi kwenye nguzo ya kitanda. "Mimi nafia hapa hapa."

Foo aliwapungia mkono wachukuzi. Yuet Kam aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Atakayenishika nikamfia mikononi, namfuata huyo. Mnakaa wapi, jamani? Nielekezeni, nisije nikapotea njia."

Waliweka machela chini. Mmoja akakumbuka kwamba kuna magunia ya mchele yaliyokuwa yanamsubiri mtoni.

"Unataka nini?" Foo aliuliza.

"Dirisha."

Chumba cha nne kiliwahi kuwa na dirisha. Lilitazama uwazi uliokuwa katikati ya nyumba, ambao hushusha hewa na mwanga kutoka juu. Foo aliuezeka uwazi ule kwa vigae, akaupangisha kwa muuza samaki wa chumvi, na kuliziba dirisha kwa matofali ili harufu isifukuze wapangaji. Tangu hapo wanawake wa chumba kile walishona kwa taa hata saa sita mchana. Kabla ya Yuet Kam, wapangaji watatu walikuwa wamebebwa kutoka humo, wote wakikohoa.

"Kwani dirisha litakuponya?"

"Mimi nimekwisha, Tajiri, usijisumbue. Ni la huyu." Alimwonyesha kwa kidevu Chan Siu Ngan, mwenzake waliyeapa naye udada hekaluni na kulala naye kitanda kimoja. Siu Ngan alikuwa ameanza kukohoa kila asubuhi. Damu ilikuwa bado.

Sijui kama dirisha lingetosha. Najua kwamba madaktari hawakuwa na dawa ya kifua kikuu. Walichoagiza ni hewa, mwanga na chakula, na Foo alikuwa ameziba viwili kati ya hivyo vitatu.

Aliponiona mlangoni alinishika mkono. "Karani, wewe umesoma. Mwambie sheria inasemaje."

Nilimwambia kwamba sheria haikatazi mtu kufia anapoishi, mradi taarifa itolewe.

"Umemsikia?" Yuet Kam alisema. "Hata serikali imeniruhusu."

Siu Ngan alipiga magoti kando ya kitanda. "Dada, twende tu. Mimi nitatafuta chumba kingine."

"Kingine chenye nini? Vyote ni hivi hivi. Inuka, shona."

Wapangaji walikuwa wamejaa ngazini. Mke wa fundi viatu, Mama Yip, alipaza sauti. "We Kam, una roho mbaya! Sisi tutalala wapi na mzimu wako?"

"Nitaanzia kwako, Mama Yip. Kwako ndiko kwenye supu nzuri."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba ni utani.

"Basi, nimekubali," Foo alisema. "Nenda sasa, kesho nafungua."

"Kesho nitakuwa siwezi kusema. Fungua leo."

Foo aliteremka akaketi dukani kwa jirani. Nadhani alitegemea Yuet Kam achoke. Saa sita Yuet Kam alikohoa hadi damu ikafika nusu ya bakuli, na midomo yake ikawa myeupe. Mama Yip alikimbia ngazini akipiga kelele kwamba anakufa, anakufa sasa hivi. Foo akaja na fundi mwashi.

Matofali yalitoka upesi, kwa kuwa chokaa yake ilikuwa hafifu. Kilichoingia kilikuwa giza na uvundo wa chumvi.

Yuet Kam alipumua kidogo kidogo. "Umenifungulia nitazame samaki? Toa na paa."

"Hatukusema paa!"

"Haya. Nangoja hapa hapa."

Muuza samaki, Goh, alikuwa chini akitukana. "Foo! Mali yangu itanyeshewa!"

"Hamisha!" Foo alimjibu. "Unataka nikuletee maiti juu ya samaki?"

Saa tisa alasiri kigae cha mwisho kiliondolewa na mwanga ukafika kitandani. Ukuta ulionekana mweusi kwa moshi wa taa, na sakafu ilikuwa na madoa makavu ya makohozi ambayo hayakuwa ya Yuet Kam peke yake. Alimwambia Siu Ngan atunge uzi kwenye sindano bila taa. Siu Ngan aliutunga kwa jaribio la kwanza.

Yuet Kam alikifungua kitambaa kiunoni. "Wachukuzi wangu wako wapi? Au na wao wamekufa?"

Alikata roho kesho yake, katika mtaa wa nyumba za kufia. Niliandika mtaa huo, kama ofisi inavyotaka.

Baada ya mazishi Foo alirudi na fundi, matofali na ndoo ya chokaa.

"Nilipatana na yule," alimwambia Siu Ngan. "Yule hayupo."

Siu Ngan aliweka kiatu pembeni, akapanda kitandani, akalala chali.

"Unafanya nini?"

"Nakufa," alisema, akakohoa. Sikuweza kujua kama kikohozi kile kilikuwa cha kweli. "Sina haraka, Tajiri. Jenga tu."

"Mwache, Foo!" Mama Yip alipiga kelele kutoka ngazini. "Ukijenga, sote tunahama leo!"

Fundi alimtazama Siu Ngan, akainua ndoo yake na kuteremka. Matofali Foo aliyateremsha mwenyewe.