Moja Moja, Mbili Mbili

Nukui Shigeki alipofika umri wa miaka hamsini na minne alikuwa amefanikiwa katika jambo moja tu: gari lake lilikwenda kilomita thelathini na nne nukta sita kwa lita moja ya petroli. Mengine yote yalikuwa yamemshinda. Nywele zilimkimbia, mgongo ulimsaliti, na mkewe alihama mwezi wa pili wa mwaka uliopita akiwa na masanduku mawili na chungu cha kupikia wali. Lakini ile thelathini na nne nukta sita ilikuwa yake, na ukikutana naye pale kiwandani kwenye mashine ya kahawa za kopo, angekutajia kabla hujamaliza kumsalimia.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango mitano, jeupe, la haibridi, yaani petroli na umeme vinapokezana zamu. Nusu ya watu wa mkoa huu wa Akita, kaskazini mwa Japani, wanalo. Zaidi ya mara moja Shigeki alisimama kwenye maegesho ya duka kubwa akibonyeza ufunguo mbele ya gari la mtu mwingine, akililaumu kwa ukaidi. Kitu pekee kilicholitofautisha lake ni namba. Siku ya kulinunua, yeye na Chizuru waliomba namba ya kujichagulia: 11-22. Huku hata mtoto wa chekechea anaweza kuisoma. Kwa matamshi ya Kijapani, moja moja ni "ii", yaani nzuri, na mbili mbili ni "fuufu", yaani mume na mke. Mume na mke wema. Ndiyo maana kila tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa kumi na moja, vijana hukimbilia ofisi ya mji kuandikisha ndoa zao, ili wabarikiwe na kalenda.

Chizuru aliondoka kwa basi. Gari likabaki na namba yake, na Shigeki akawa anazunguka mjini akitangaza wema wa ndoa isiyokuwepo. Wenzake kazini walimshauri aibadilishe. Akawaambia makaratasi yake yana usumbufu. Ulikuwa uongo mtupu, na wa kwanza kuujua alikuwa yeye mwenyewe.

Kilichomwondoa Chizuru hakikuwa pombe wala mwanamke mwingine. Ukweli ni kwamba Shigeki angeona fahari kidogo kama kingekuwa mojawapo ya hivyo. Kilikuwa ni hita. Katika gari la aina hii, ukiwasha hita, injini nayo lazima iamke ili litoke joto la kupuliza, na injini ikiamka, ile hesabu ya kilomita kwenye dashibodi inashuka. Shigeki akaona heri baridi. Misimu mitatu ya theluji alimfunika mkewe blanketi, akampa vile vifuko vya joto vya kubandika mgongoni, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kujitegemea, "Leo bandika viwili, Mama Kotone, kuna upepo."

Tena gari lenyewe lilikuwa kimya mno. Lile lao la zamani lilinguruma, na ngurumo zake zilifunika mambo mengi. Hili likifika kwenye taa nyekundu lilizima injini, mnabaki wawili na pumzi zenu. Katika kimya kile Chizuru alikuwa akisubiri mumewe aseme neno, lolote. Shigeki alisema, "Thelathini na tatu nukta nane. Jana ilikuwa nukta tano." Ndipo siku moja, kwenye taa ya mbele ya posta, Chizuru akageuka akiwa na blanketi hadi kidevuni.

"Baba Kotone, hili gari unaliuliza hali yake kila siku. Mimi uliniuliza lini?"

Shigeki alifikiri kwa bidii. Taa ikawa kijani kabla hajakumbuka.

Mwezi wa sita mwaka huu ilimfikia bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya talaka, ile ya maandishi ya kijani, Chizuru ameshajaza upande wake kwa mwandiko wake ulionyooka. Kilichobaki ni jina la Shigeki na saini za mashahidi wawili, watu wazima, wowote wale. Aliandika jina lake siku hiyo hiyo, kuonyesha uungwana. Kisha akaiweka fomu kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari, chini ya kitabu cha maelekezo ya hita, ambacho alikuwa hajawahi kukifungua. Chizuru akipiga simu, alisema yuko mbioni. Alikuwa mbioni miezi mitano.

Mwezi wa kumi na moja Chizuru akapiga tena. Kigari alichojinunulia kilikuwa gereji, naye amepata ruhusa siku moja tu pale zahanati anapofanya kazi, siku ya Ijumaa. "Nipitie, twende tukamalize. Mashahidi si umeshapata?"

"Nimepata," Shigeki akasema. Alifurahi mno kusikia sauti yake hivi kwamba angekubali hata kama angeambiwa wanaenda kumchimbia kaburi. Alipokata simu ndipo akatazama kalenda. Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Hakumpigia kumwambia. Kutoka kwa Chizuru hadi ofisi ya mji ni dakika arobaini, nazo ndizo alizokuwa nazo za kumwomba mkewe arudi nyumbani.

Alijiandaa. Aliwasha hita tangu alfajiri, akaendesha njia nzima injini ikiunguruma na moyo ukimwuma kila desimali ilipoanguka. Chizuru akaingia, akafunga mlango.

"Kuna joto humu," akasema kwa mashaka. "Gari limeharibika?"

"Nimewasha hita."

Chizuru akainama kutazama dashibodi. "Ishirini na moja nukta nne! Baba Kotone, unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Sema kweli. Daktari amekwambiaje?"

"Nimeona tu... baridi imeanza."

"Baridi ilianza miaka minne iliyopita, baba." Lakini alivua glavu zake, akaziweka mapajani, na Shigeki akaona vile vidole, akapata matumaini ya kijinga kabisa.

Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyakariri wiki nzima mbele ya kioo cha bafuni. Walipofika kwenye taa nyekundu ya daraja, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Taa hii huwa inachukua sekunde tisini."

"Ndiyo," Chizuru akasema. "Najua."

Sekunde zikaisha zote. Katika maisha yake Shigeki alikuwa amejichukia mara nyingi, lakini si kwa muda uliopimwa kwa usahihi namna ile.

Maegesho ya ofisi ya mji yalijaa. Mlangoni walikuwa wametundika kitambaa chenye maua ya karatasi, na vijana waliovaa vizuri walikuwa wakipigana picha chini yake. Chizuru akatazama kitambaa, akatazama vijana, akageuka polepole.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili," Shigeki akasema chini chini.

"Umenileta kuachana siku ya mume na mke wema, ndani ya gari la mume na mke wema!"

"Siku umechagua wewe."

"Mimi siku nyingine zote nina zamu! Wewe una kalenda tatu ukutani!"

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tai iliyopinda, na nyuma yake binti mwenye koti jekundu aliyekuwa akirukaruka kwa baridi.

"Shikamooni! Samahani sana mzee, samahani mama. Mimi naitwa Towa, huyu ni Akari, tumekuja kuandikisha. Tumeiona namba yenu! Tunaweza kupiga nayo picha?"

Shigeki akashuka, kwa kuwa hakujua mtu anakataaje jambo kama hilo. Vijana wakachuchumaa pande mbili za namba. Kisha Akari akasema haiwezekani, lazima na wenyewe wawemo, ndio wenye baraka.

"Na nyie mmekuja leo kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa, ee?" akauliza.

"Kitu kama hicho," Chizuru akasema.

Wakasimama. Shigeki akanyoosha mkono kuuweka begani kwa mkewe, ukasita, ukabaki hewani kama wa trafiki. Hivyo ndivyo ulivyo kwenye picha hadi leo.

Ndani walipewa namba za foleni zinazofuatana, vijana mbele, wao nyuma. Zamu ya vijana ilipofika, Towa akafungua mkoba wake na uso ukamwisha damu. Kopo la kahawa lilikuwa limemwagikia fomu yao yote. Karani, dada mmoja mwenye miwani aliyekwisha kuchoka kwa tabasamu, akawapa fomu mpya. Shida ilikuwa mashahidi. Walioisaini ile ya kwanza ni baba zao, na wote wawili wako Tokyo kikazi.

"Basi tuje kesho," Towa akasema.

"Kesho ni ishirini na tatu!" Akari akasema. Kisha akageuka, macho yakaangukia pale ambapo Shigeki alikuwa akiomba yasianguke. "Mama. Mzee. Tafadhalini."

Chizuru hakumtazama mumewe. Akaenda, akachukua kalamu, akaandika kwenye mstari wa shahidi: Nukui Chizuru. Shigeki akaliona jina lake la ukoo likitoka kwenye mkono ule, bila kusita, akaandika lake chini yake akiwa haoni vizuri. Karani akagonga muhuri, akainama. "Hongereni sana!" Makarani wengine wakapiga makofi. Towa akawainamia Shigeki na Chizuru mara nne. "Tutawalipa nini sisi?"

Namba yao ikaitwa. Chizuru akanyoosha kiganja. "Fomu."

Shigeki akampa. Karani akaona maandishi ya kijani, tabasamu likamteleza, akalirudisha haraka. Akasoma juu hadi chini.

"Samahani. Sehemu ya mashahidi iko wazi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Shigeki iliishia pale mezani.

"Ulisema umepata," Chizuru akasema.

"Nilikwenda kwa kaka yangu mara mbili. Mara zote mbili nilimsimulia habari za petroli nikarudi." Alitaka kuongeza kichekesho kingine, hakikuja. "Sikutaka, Mama Kotone. Sikutaka uende. Nilikaa nawe nikakubania hata joto, na nikajiona mwerevu. Nisamehe. Rudi nyumbani."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya karani na foleni nzima. Maneno yale ya bafuni yalikuwa mazuri zaidi, lakini haya ndiyo yaliyotoka.

Chizuru akamgeukia. "Najua hukutaka. Nimejua tangu mwezi wa saba. Na leo umewasha hita, nimeona. Asante." Akashusha sauti. "Lakini mimi sasa nina chumba chenye joto, Baba Kotone, na joto lake halimwumi mtu. Nimelizoea. Sirudi."

Nyuma yao mtu akakohoa. Towa hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama na cheti chake kifuani, masikio yamewiva.

"Mzee," akasema, "nyie mmetusainia. Kama... kama mtapenda, na sisi tuwasainie."

"Towa!" Akari akamfinya. "Leo?"

"Sasa si tumesaidiwa? Mtu akikupa lazima urudishe! Mama yangu kanifundisha hivyo!"

"Hapana, mwanangu," Chizuru akasema haraka. "Siku ya ndoa yenu? Hapana. Tutakuja siku nyingine."

Siku nyingine. Shigeki alielewa vizuri maana yake. Angeichukua fomu, angeirudisha kwenye kisanduku, ingekuja theluji, ingekuja masika, na mwanamke huyu angeendelea kuandika Nukui kila mahali. Hakuna ambaye angemlaumu. Angekuwa ameiweka ndoa kama alivyoiweka petroli, kwa kuitumia kidogo kidogo isiishe, mtu mwingine akilipa kwa baridi. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya karatasi.

Akaisukuma mbele ya kijana. "Saini," akasema. "Andika vizuri, wasije wakaturudisha."

Towa akasaini. Akari alikataa, akalia, hadi Chizuru alipomshika bega na kumnong'oneza kitu ambacho Shigeki hakukisikia. Akasaini naye, akafuta chozi lililodondokea anwani.

Karani akakagua mstari kwa mstari. Akachukua muhuri. Tangu asubuhi alikuwa ameugonga zaidi ya mara hamsini, na mdomo wake ulikuwa umeshazoeana na mkono. Akagonga, akasimama, akainama kwa heshima zote.

"Hongereni sana!"

Makarani wengine wakaanza makofi, wakayakatiza. Karani akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akaanza kuomba radhi, akiinama hadi paji la uso likakaribia kugonga meza.

"Asante, dada," Shigeki akasema. "Tumejitahidi."

Chizuru akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika ukingo wa meza, miwani yake imeteleza puani, akimpiga Shigeki begani kwa kiganja kama wafanyavyo wanawake wa kwao. Miaka mingapi alikuwa hajausikia mcheko ule! Hakuongeza neno, asije akauharibu. Alisimama akausikiliza hadi mwisho, maana haukuwa wake tena.