Uzi wa Mama Mkwe

Simu ya shemeji ilimkuta fundi makochi akiwa amepiga magoti, mdomo umejaa misumari midogo, anafunika kiti cha mkubwa fulani wa ofisi ya mji. Kiti cha kuzunguka, sponji nene, maana makalio ya wakubwa hayataki kuguswa na ubao.

"Shemeji, mama anaumwa mabega."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Najua. Nimempeleka zahanati mara tatu. Daktari hata kumgusa hakumgusa, kaandika vidonge huku anaangalia dirishani."

"Sio ugonjwa huo. Ni sidiria. Aliyekuwa akimnunulia ni marehemu dada, na hizo alizonazo zimekwisha. Sasa wewe mwanamume utamsaidia nini? Jumamosi nakuja kumchukua, akae kwangu."

Fundi alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu ya kumkaribisha, na hiyo sauti ilikuwa ya mama mkwe ikimwuliza kama amefuta miguu. Akiondoka yule, atakuwa anarudi kuzungumza na kabati.

Lakini mtu anaanzaje kumtajia mama mkwe jambo kama hilo? Wawili hawa hata nguo walikuwa wakianika kwa zamu, asije mmoja akaona za mwenzake. Mama mwenyewe sokoni hawezi kwenda. Wakubwa wa soko walikaa kikao, wakaamua vibanda vya nguo za ndani vihamishiwe orofa ya tatu, ngazi sitini, na lifti ina karatasi ya "inatengenezwa" ambayo imeshakuwa ya njano. Waliokaa kikao hicho wote wanaume, na wote wana magoti mazima.

Jioni akasimama nje ya mlango wa mama mkwe, akakohoa.

"Mama, nimeambiwa habari ya mabega."

"Nani kakuambia? Huyo binti mdomo wake hauna kifuniko."

"Nipatie kipimo tu, mama. Zungusha uzi mbavuni, chini ya... chini kule, ufunge fundo, uupitishe chini ya mlango. Mimi sitaona kitu."

Ndani droo ikafunguliwa, ikafungwa. Kisha uzi ukachomoza taratibu kama panya anayepima usalama.

Fundi akaulaza kwenye futi: inchi thelathini na sita. Hapo ndipo alipoharibu. Miaka ishirini na tano ya makochi ilikuwa imemfundisha kwamba kitambaa hakikatwi bila inchi nne za kupindia. Akaandika arobaini, kesho yake akaenda sokoni.

Muuzaji, mwanamke mpana anayeitwa Mama Saizi, alimwuliza, "Kikombe gani?"

"Cha kawaida," alisema fundi, akitazama dari.

Asubuhi ya pili mama mkwe alitoka chumbani ameivaa ile ya arobaini, mabega yamepanda karibu na masikio. Mkanda wa mgongoni ulikuwa unaelea, kwa hiyo alikuwa ameikaza mikanda ya mabegani mpaka mwisho, nayo ikamchimba kama kamba ya ndoo. Aliweka chai mezani bila kuuliza habari ya miguu.

"Jumamosi naondoka, baba," alisema. "Umejitahidi. Mambo mengine yanataka mwanamke ndani ya nyumba."

Fundi hakumaliza chai. Alipanda zile ngazi sitini akiwatukana wakubwa wa soko, mmoja kwa kila ngazi, na walipokwisha akarudia kwa manaibu wao.

Mama Saizi alimsikiliza, akauliza alipimaje, na aliposikia zile inchi nne akaegemea nguzo akacheka hadi jirani wa kibanda akaja kuuliza kuna nini.

"Baba, hii hupindi. Wewe si fundi makochi? Uzito wa mtu akikaa unabebwa na nini?"

"Mikanda ya chini, ndani ya fremu."

"Hata ukiliwekea kochi mikono mizuri?"

"Kochi likibebwa na mikono, mikono itang'oka," alisema fundi. Papo hapo akayakumbuka mabega ya mama mkwe.

"Umejijibu. Mkanda wa mbavuni ndio unaobeba. Ya mabegani ni ya kusawazisha. Chukua thelathini na sita yako bila nyongeza. Ila kikombe nataka uzi wa pili, unaopita pale palipojaa. Tofauti ya nyuzi mbili ndiyo inanipa herufi."

Fundi alirudi, akasimama tena mlangoni.

"Mama, wanataka uzi mwingine."

"Wa wapi?"

Alitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena. "Wa mlimani, mama."

Ndani kikaanguka kitu, labda kitana. Lakini uzi ulikuja, na ulizidi wa kwanza kwa inchi nne. Mama Saizi akatoa sidiria ya herufi D bila kufikiri.

Ijumaa mchana mlango ulifungwa, fundi nje, mama ndani na sidiria mpya.

"Kulabu umefunga za wapi, mama?"

"Za ndani kabisa, ibane."

"Anza za nje. Ikishafuliwa ikalegea ndipo unaingia ndani. Vidole viwili vinapita chini ya mkanda?"

"Vinapita kwa kusukumana."

"Inua mikono. Mgongoni imepanda?"

Fundi alihesabu misumari ya fremu ya mlango.

"Haijapanda," ilisema sauti, polepole. Halafu, "Haya yote nani kakufundisha?"

"Sokoni, mama."

"Huna haya."

"Sina, mama. Mabega?"

"Yapo mahali pake. Ondoka hapo mlangoni."

Jumamosi shemeji alifika na gari la kuazima. Alimkuta mama yake uani, mikono juu, anaanika shuka kwenye kamba ambayo mwaka mzima hakuwa akiifikia.

"Mama, hujafungasha?"

"Sifungashi."

"Lakini tulikubaliana. Mimi ndiye mwanao wa kike."

"Ndiyo. Na mwaka jana nilikuambia mabega yananiuma, ukaniambia nimeze vidonge nilale. Huyu hakunizaa wala sikumzaa, kapanda ngazi za wale wapumbavu wa soko mara tatu." Akageuka kwa fundi, aliyekuwa amesimama kizingitini haelewi aweke wapi mikono yake. "Na wewe geuka ukutani. Shuka zimekwisha, sasa naanika vyangu."

Fundi akageuka ukutani, na akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.