Tarehe Thelathini na Moja Septemba

Kosa lilikuwa ukurasa wa nne, mstari wa tatu kutoka chini, na mama aliliona kabla karani wa wakala hajafunika kalamu yake.

"Kijana wangu," alisema, "Septemba ina siku thelathini."

Mama huyo alikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kusoma tarehe. Alikuwa akishika kopo la vidonge mkono huu na kikombe cha chai mkono ule, akakwambia vidonge vitaharibika lini bila hata kuvaa miwani. Sasa alikuwa ameshika mkataba wa binti yake. Mkataba ulisema kwamba wakati wa likizo ya chuo binti atafanya kazi hotelini ng'ambo, atasafisha vyumba kumi kwa siku, atasoma lugha kila Jumatano, atatembezwa nchini humo kwa wiki mbili, kisha atarudi nyumbani tarehe 31 Septemba.

Karani aliitazama tarehe kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye shati lake. "Mama, karatasi hii imeshapigwa mihuri mitano. Tukichapa upya, faili linarudi mwanzo, na ndege ni Ijumaa."

"Basi ikate. Andika 'mwisho wa majira ya joto'. Kila mtu anajua yanaisha lini."

Karani alikata, akaandika, na wote watatu wakatia sahihi pembeni: yeye, mama na binti. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, akisomea upimaji wa ardhi, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu chuoni. Nyumbani walimwita Mkubwa. Mdogo wake, msichana wa miaka kumi na tisa, aliitwa Mdogo, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kupoteza muda kutafuta majina ya utani.

Mkubwa aliondoka katikati ya Juni. Walizungumza kila Jumapili mchana kwa simu ya video, mama na Mdogo wakibanana kwenye kochi ili wote waonekane.

"Vyumba kumi vinakushinda?" mama aliuliza.

"Ni ishirini na sita, mama."

"Na masomo ya lugha?"

"Mwalimu hajafika bado. Nimejifunza 'taulo' na 'samahani'."

"Na matembezi?"

"Wanasema ni mwishoni. Majira yakiisha."

Septemba ilikwisha, na Mkubwa hakurudi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba mama alitazama nyuma ya bega la binti yake akaona ziwa linametameta, wageni wamelala kwenye viti vya turubai wakijipaka mafuta, na watoto wakirukaruka majini. Asubuhi hiyohiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi ile yote imefunikwa na theluji.

"Theluji ipo," alisema Mkubwa. "Inaanguka mpaka getini. Lori la maziwa huja na theluji juu ya paa, likishaingia inayeyuka. Ila hapa hotelini majira ya joto hayajaisha."

"Yataisha lini?"

"Meneja anasema wageni bado wanayafurahia."

Mama alitazama kalenda ukutani, akatazama simu, akarudi kwenye kalenda. "Una muda gani huko?"

"Wiki saba."

Mama alihesabu kwa vidole akapata kumi na tisa. Akahesabu upya akianzia kidole kingine, ikawa kumi na tisa tena.

"Si utoke tu hapo getini, uje zako?" Mdogo alidakia.

"Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye sefu ya meneja. Inafunguliwa majira yakiisha." Sauti ya mtu ilimwita kutoka ukumbini. "Nawaacha. Kuna mtu kamwaga kahawa kitandani."

Mama alitaka kukasirika, lakini hakuona wa kumkasirikia.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya wakala. Kwenye benchi palikuwa na baba mmoja aliyevaa tai, ana bahasha magotini. Karani alifungua faili, akasoma kwa kidole, akalifunga.

"Mkataba unasema mwisho wa majira ya joto. Nimepiga simu hotelini kuuliza. Hayajaisha."

"Nchi nzima ina theluji!"

"Nje ya geti, mama. Mkataba wetu ni wa ndani ya geti."

"Na vyumba ishirini na sita?"

"Hayo ni malalamiko. Fomu ya malalamiko anaijaza mwenyewe, akisharudi."

Mama aligeuka kuondoka. Yule baba alimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Wewe una nafuu, dada," alimwambia. "Wa kwangu yuko hukohuko, chumba cha kufulia. Mkataba wake ulibaki na ile 31 Septemba. Sikuiona."

"Unafanya kazi gani?"

"Ualimu."

"Unafundisha nini?"

Baba alirekebisha tai. "Hesabu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Mwaka huu tumeikosa kwa siku moja tu," alisema mwalimu.

Mama alirudi stoo. Siku tatu alifanya kazi kama mtu aliyeingia chumba asichokumbuka amefuata nini. Alipanga dawa za kifua mahali pa dawa za macho, akazipangua. Tarehe aliikata yeye. Lakini kama asingeikata, binti angekuwa anangoja siku isiyokuwapo. Kila alipofika hapo, mawazo yalimrudisha mwanzo kama faili la karani.

Siku ya nne aliacha kuwaza akashika kazi. Kitu kimoja alichokijua kuliko watu wote wa mji ule ni kusafirisha baridi. Alichukua kasha la chanjo lililokwisha kufutwa kwenye orodha ya vifaa, akakagua mpira wa kifuniko, akaweka vifuko vya barafu pande zote nne. Katikati hakuweka kitu. Alilifungua ndani ya chumba cha baridi cha hospitali, akaliacha wazi saa nzima, akalifunga, akaandika juu: *Fungulia nje*.

Kifurushi kilifika salama. Mkubwa alikifungulia chini ya mti ulio mbele ya mkahawa wa hoteli. Baridi ilitoka polepole, ikatambaa juu ya nyasi, ikapanda shina. Jani moja lilibadilika likawa la manjano, likaanguka. Mgeni mmoja aliomba shali. Meneja alikuja, akaliokota jani, akaliangalia pande zote mbili, kisha akamwita mtunza bustani. Mtunza bustani alipanda ngazi akalirudisha kwa waya mwembamba, akalipaka rangi ya kijani. Kasha lilipelekwa jikoni kuwekea soda.

"Usitume tena, mama," alisema Mkubwa Jumapili.

"Wamekugombeza?"

"Hapana. Meneja ameshukuru sana kwa kasha. Ila nimeongezewa vyumba viwili."

Chuo kilimsubiri Mkubwa miaka miwili. Mama alikwenda mwenyewe kwa msajili kumweleza, na msajili, mwanamke mpole mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho. Kwenye fomu ya kuahirisha masomo palikuwa na ugonjwa, uzazi, msiba na nyinginezo. Msajili alitia alama penye nyinginezo.

"Miaka miwili tu, mama. Ikipita, nafasi tunampa mwingine. Sheria si yangu."

Ikapita. Nafasi wakampa mwingine.

Kufikia hapo Mdogo alikuwa chuoni pia. Alipofika mwaka wa tatu alirudi nyumbani na kipeperushi cha wakala walichogawiwa mlangoni mwa maktaba. Jalada lilikuwa na picha ya Mkubwa amekumbatia rundo la taulo, anatabasamu, ziwa likiwa nyuma yake. Ndani palikuwa na mkataba wa mfano. Mama aliufunua ukurasa wa nne, mstari wa tatu kutoka chini. Ilikuwa 31 Septemba.

Alikwenda na kipeperushi hadi ofisini. Karani alikubaliana naye mara moja.

"Kweli kabisa, mama. Ila hivi vimeshachapwa elfu tano." Akampa viwili vya ziada, kwa sababu binti ametoka vizuri.

Mwalimu wa hesabu alikuwa bado kwenye benchi. Walisalimiana kama majirani.

Jumapili moja Mdogo alitimiza miaka ishirini na mitatu. Mama alikuwa amenunua keki dukani, akaisoma tarehe kabla ya kuilipia. Simu iliita wakati wanakata kipande cha pili.

"Hongera!" alisema Mkubwa. Uso wake ulikuwa vilevile, na kucha zilikuwa na rangi aliyopaka siku ya safari, bado haijabanduka. "Umetimiza mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Acha utani." Mkubwa alicheka, kisha midomo yake ikaanza kuhesabu. "Mbona mimi nina ishirini na miwili?"

Watoto walipiga kelele ziwani. Mkubwa alifikiri, akasogeza nywele nyuma ya sikio kama alivyofanya tangu utotoni alipotaka kufanya jambo sawasawa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Mdogo alimgeukia mama. Mama alikuwa ameshika boksi la keki, anasoma upande wa chini, ambako palikuwa pameandikwa: tumia ndani ya siku tano.

"Mwitikie mwenzako," alisema bila kuinua macho. "Amekusalimu."

"Marahaba," alisema Mdogo.

"Haya, nina vyumba vinane bado," alisema Mkubwa. Akaiegemeza simu kwenye toroli la mashuka ili wajionee ziwa kidogo, akaondoka akasahau kuizima. Mama na Mdogo waliketi wakitazama. Upepo ulikuja kutoka majini ukautikisa ule mti wote, isipokuwa jani moja lenye kijani kikali kuliko mengine.