Ng'ombe wa Biringanya

Ng'ombe wake nilimkaanga kwa mafuta ya ufuta, nikamla na wali, mchana kweupe.

Alikuwa biringanya tu lenye miguu ya njiti. Mdogo wangu Mitsuyo alimtengeneza kwa ajili ya Kuramoto, mpiga piano wangu, aliyefariki mwezi Machi. Kwetu, katika mji wa Kobe, wafu huja kututembelea Agosti: farasi wa tango huwaleta mbio, ng'ombe wa biringanya huwarudisha polepole.

"Dada! Umemla ng'ombe wa marehemu?"

"Mtamu. Kapungukiwa chumvi kidogo tu."

"Sasa atarudi na nini?"

"Kwani nani kasema arudi?"

Nilikuwa na sababu. Niliimba jazi ya kutungiwa na wengine hadi koo likaota sugu, ndipo kampuni ya santuri ikakubali kurekodi wimbo wangu mwenyewe. Tulikuwa tukiutunga pamoja, Kuramoto akafa kabla haujapata mwisho. Kila mwisho nilioujaribu peke yangu ulianguka kama mlevi ngazini. Nami nikishindwa, siku yangu ya studio angepewa binti mmoja mwenye meno mazuri.

Kesho yake, chai ikiwa bado ya moto, piano ya sebuleni ikatoa sauti moja, ya chini kabisa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Mitsuyo akaangusha kikombe. Mimi nikaimba wimbo wetu. Piano ikanisubiri nivute pumzi, kama alivyozoea Kuramoto mwenyewe, kisha ikanionyesha pa kushukia. Nikashuka.

Santuri ile ilinipa jina, na jina likanilisha uzeeni. Ila mgeni hakuondoka. Kila mpiga piano niliyemleta nyumbani aliinuka upesi kuliko alivyokaa. "Mama," mmoja aliniambia, midomo imemkauka, "nimekaa mapajani mwa mtu. Tena ya baridi."

Mitsuyo hakukata tamaa. Kila Agosti humtengenezea ng'ombe mpya, humweka kizingitini akitazama njiani. Asubuhi tunamkuta amegeuka, anatazama ndani.

Mwaka huu daktari alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu, kisha akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Dada, nichukue biringanya dogo kama kawaida?" Mitsuyo aliniuliza jana sokoni.

"Chukua kubwa. La kubeba wawili."

Alidhani natania, akacheka hadi muuza mboga naye akacheka.

Asubuhi hii ng'ombe tumemkuta palepale alipowekwa, anatazama njiani.