Sahihi za Mama Munyoki

Pale mtaani Mbotela walimwita Mama Munyoki, ingawa Munyoki hakuwa mtoto wake wa pekee. Kalekye, bintiye, alikuwa amelizoea hilo. Munyoki ndiye aliyesoma, ndiye aliyekuwa karani wa kampuni ya bima mjini, na ndiye aliyekaa na mama pamoja na mkewe Roseline na watoto wao watatu. Kalekye alikuwa fundi cherehani mtaani Lucky Summer. Alikuja kumwona mama nauli ilipopatikana.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya misheni kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu mwaka 1992, kiinua mgongo chake alikiweka benki, katika akaunti ya watu wawili, yeye na Munyoki, iliyotaka sahihi za wote wawili kutoa pesa. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. "Hizi ni za kutibu macho," alisema, "na zikibaki, ni za kunizika." Majirani wote walimwambia ni mtoto wa jicho, jambo la uzeeni, litatolewa siku moja tu hospitalini.

Jumamosi moja ya Agosti 1994 Kalekye alimkuta peke yake nyumbani. Mama alishika birika akamimina chai, na chai ikamwagika mezani, kando kabisa ya kikombe, naye akaendelea kumimina.

"Mwaitu, mama yangu, acha! Huoni kikombe?"

"Naona kidogo, hapa katikati," mama alisema. "Kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini ndugu yako anashughulikia. Ameniandikisha hospitali, tunangoja zamu. Mwezi uliopita nilitia sahihi tena."

"Sahihi ya nini?"

"Karatasi za hospitali. Wanataka kulipwa kidogo kidogo. Yeye hunishika mkono, ananiwekea kalamu penye mstari, nami naandika jina langu."

Kalekye alipangusa meza. Jumatatu hakufungua cherehani. Alikwenda hospitalini na kumwomba mama wa mapokezi atafute jina la Mama Munyoki, Wanza Ndete. Yule mama alipekua daftari la mwaka ule, akapekua na la mwaka uliotangulia. Jina halikuwamo.

Kutoka hapo alitembea mpaka ofisini kwa kaka yake. Mlinzi wa mlangoni, mzee aliyeitwa Odero, alimtazama kwa huruma alipotaja jina.

"Munyoki? Dada, huyo alipunguzwa kazi Mei mwaka jana. Walienda watu arobaini siku moja. Kwani hakuwaambia?"

Jioni ile alimngoja Munyoki kando ya Jogoo Road, mahali ambapo hangeweza kumkwepa. Munyoki alitokea akitembea kwa miguu, tai shingoni, mkoba mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi. Alipomwona dada yake alipunguza mwendo.

"Unatoka wapi, Munyoki?"

"Kazini."

"Nimetoka huko."

Munyoki alitua mkoba chini. Kisha akaanza kusema haraka haraka, kama mtu aliyekuwa akiyapanga maneno hayo kwa muda mrefu. Kila asubuhi alitoka, akapita maofisini akiulizia kazi, mchana akakaa bustanini. Roseline hakujua. Watoto hawakujua.

"Nilikopa ya mwezi mmoja tu kwenye akaunti ya mama, Kalekye. Nilijua nitapata kazi niirudishe. Mwezi ukazaa mwezi. Kodi ya nyumba imetoka humo, karo imetoka humo, unga anaokula mama mwenyewe umetoka humo. Sikunywa hata chupa moja ya pombe."

"Na macho yake?"

"Kila mtu alisema ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hungoja."

"Nani alikwambia? Daktari gani?"

Munyoki aliuliza kwa sauti ndogo kama Kalekye atamwambia Roseline. Kalekye alimwacha amesimama pale.

Alikopa pesa kwenye chama cha akina mama wenzake, na wiki iliyofuata akampeleka mama kwa daktari. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akamwita Kalekye kando. Haikuwa mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho, ile inayoua mshipa polepole, bila maumivu. "Mngekuja mwaka jana, tungeizuia," alisema. "Yaliyopotea hayarudi. Tutampa dawa ya matone, lakini kilichobaki ni kidogo sana."

Mama aliambiwa yote siku ile ile, nyumbani, Munyoki akiwa ameketi mbele yake na Roseline akilia jikoni. Kalekye alisema kesi itakwenda kwa chifu, na ikibidi, kortini Makadara. Mama aliinua mkono kumnyamazisha.

"Munyoki."

"Naam, mama."

"Ungeniomba, ningekupa zote. Ungesema, 'Mama, sina kazi,' ningetia sahihi nikijua ninachosaini. Kwa nini ulinishika mkono kama kipofu kabla sijawa kipofu?"

Munyoki alilia. Mama hakumwambia anyamaze, wala hakutaka kesi iende kwa chifu. Alimwambia Kalekye amfungie nguo zake, waende wote Lucky Summer.

Kufikia Krismasi mwanga ulikuwa umekwisha. Mama alikaa Lucky Summer, katika chumba kimoja na cherehani, akijifunza hatua za kwenda chooni kwa kuzihesabu. Munyoki alipata kibarua cha kupakia magunia sokoni. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na kila alipoingia, Kalekye alitoka nje.

Jumapili moja Kalekye alikuwa akifua nje karibu na dirisha, akamsikia mama akisema, "Sogea." Akachungulia. Mama alikuwa akimpapasa mwanawe uso.

"Umekonda," mama alisema. "Kalekye! Kuna chakula?"

Kalekye alikamua shati alilokuwa akifua, akalianika. Akaingia ndani akampakulia kaka yake chakula, akamwekea mezani, akatoka tena bila kumtazama.