Dhahabu Iliyokataa Kuganda

Mtu akiniuliza Alwin Kettelhack alikuwa mtu wa namna gani, namjibu hivi: alinifukuza maabara kwa sababu jana yake nilikuwa nimekula samaki wa chumvi.

Na haki alikuwa nayo. Alwin alitengeneza maji mekundu kama divai, na wekundu ule ulikuwa dhahabu tupu, chembe ndogo mno hata hadubini yetu bora hapa Chuo Kikuu cha Brunnstedt haikuziona. Chembe hizo huelea zikichukiana kama wake wenza: kila moja ina umeme wake, mwenziwe akisogea humsukuma. Tia chumvi, uhasama unakwisha. Zinakumbatiana, maji yanageuka buluu, na kesho yake dhahabu yote imelala chini ya chupa kama tope. Kwa miaka mitatu Alwin alipima ni chumvi kiasi gani inatosha kuzipatanisha. Chumvi ya jikoni, kijiko kizima. Shabu, punje tu. Kwa nini? Mwaka ule wa 1896 kila profesa alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyekubali la mwenzake.

Mzee Kettelhack, baba yake, hakutaka jibu la yeyote. Alikuwa mchinja nguruwe wa vijijini, na alikuwa amesema neno moja: "Ukifaulu mtihani Jumamosi, baki na maji yako. Ukishindwa, Jumatatu uko buchani." Jumamosi akaja na gari la farasi lenye nafasi ya mtu wa pili, akakaa mstari wa mbele kwenye mtihani wa wazi wa udaktari, na kwapani ana aproni mpya kabisa.

"Baba, hiyo ya nini?" Alwin akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimepima kwa macho. Nadhani itakutosha."

Mimi, msaidizi wake wa maabara, nilikuwa nimeshika saa. Mbele yetu waliketi watahini watatu, katikati Profesa Strelow, ambaye hakuwahi kucheka tangu azaliwe, na aliyeshuhudia akizaliwa hayupo tena wa kubisha. Nyuma aliketi Mama Zitzmann, mwenye nyumba aliyopanga Alwin, kikapu mapajani.

Alwin akamimina maji yake mekundu kwenye chupa ya shingo ndefu, akayainua juu watu wayaone. "Sasa natia chumvi. Kabla hamjahesabu kumi, yatakuwa buluu."

Nikahesabu. Kumi. Ishirini. Hamsini. Maji mekundu vilevile, kama pua ya mtahini wa kushoto.

"Ongeza," akasema Strelow.

Akaongeza. Akaongeza tena. Mwishowe chumvi iliyokuwa mle ndani ingetosha kuhifadhi paja zima la nguruwe, na dhahabu haikutikisika. Miaka yote ile Alwin alilia kwa sababu maji yake yalikuwa yanaganda kabla ya wakati, na leo, mbele za watu, yamekataa katakata.

"Bwana Kettelhack," Strelow akasema, "tasnifu yako ina kurasa mia na kumi zinazosema hili haliwezekani."

Mzee Kettelhack alikuwa ameshaikunjua aproni.

Nilimnong'oneza Alwin, "Jaribu kwenye chombo kingine, wee!" Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akachukua maji yaleyale na chumvi ileile, akatia kwenye kineli, kibomba kidogo cha kioo cha majaribio. Buluu hapo hapo! Basi kosa si la dhahabu. Ni la chupa.

"Uliioshaje hii?" Strelow akauliza.

"Kwa asidi, Bwana Profesa. Nikaisuuza kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe ya chumvi. Jana usiku nikaiacha chumbani kwangu, imefunikwa."

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Maprofesa wakaichungulia, wakaigeuza kwenye mwanga, mmoja akataja umeme wa angani. Ilipofika mstari wa mbele Mzee Kettelhack akaidaka, akainusa, akatumbukiza kidole na kukilamba.

"Phh, chumvi!" Akalamba midomo. "Lakini chini yake... kwato. Supu ya kwato, imeganda vizuri. Siki kidogo."

"Kwato?" Strelow akasema.

"Kwato tupu, nani kasema!" Mama Zitzmann akasimama nyuma, amekasirika. "Kwato nne na masikio mawili! Nimempikia jeli ya sherehe yake, nikakosa chombo chenye mdomo mwembamba cha kumiminia. Nikaazima hicho asubuhi. Na nilikisuuza, msinione mchafu!"

"Ulikisuuza kwa maji gani, mama?"

"Ya baridi. Ya moto ningeyapata wapi, na jiko limejaa kwato?"

Watu wakaangua kicheko. Alwin hakucheka. Strelow alimkazia macho.

"Chupa ina mabaki ya jeli. Hiyo ni habari ya jikoni. Mimi nauliza habari ya chembe. Jeli imezifanya nini?"

Hilo halikuwemo kwenye ukurasa wowote kati ya zile mia na kumi. Nilimwona Alwin akiangalia aproni, halafu akimwangalia aliyeishika.

"Baba, soseji mbichi ukizirundika kwenye beseni, mbona hazishikani?"

"Zishikane vipi na mimi nazipaka mafuta? Kila moja ina koti lake."

"Koti," Alwin akasema. Akageukia watahini, na sauti ikaanza kurudi. "Jeli imeivika kila chembe. Chumvi inaondoa ugomvi, sawa, lakini chembe zikikutana zinagusana makoti, hazigusani miili. Haziwezi kukumbatiana."

"Maneno. Nionyeshe."

Mama Zitzmann akafungua kikapu kwa shingo upande. Alwin akayeyusha kipande cha jeli, kidogo kama ukucha, kwenye maji ya moto, akadondosha tone moja kwenye kineli safi chenye maji ya dhahabu, kisha chumvi. Nikahesabu mpaka mia mbili, kwa sauti, ukumbi mzima ukinifuata. Nyekundu.

Watahini wakaingia chumba cha pembeni. Waliporudi, Strelow akasema wamempa udaktari, ila asichapishe kitu kabla hajaandika sura nzima juu ya jeli, na itamchukua mwaka.

Mzee Kettelhack akamgusa bega jirani yake. "Mwanangu ni daktari."

"Hongera! Mimi goti hili—"

"Si wa magoti. Wa vitu vinavyokataa kushikana." Kisha akainuka, akaenda kumpa Alwin mkono, kama anavyompa mchinjaji mwenzake, akautingisha sana. "Nilikuja na nafasi ya watu wawili," akasema. "Basi nitanunua ndama nirudi naye."