Madoa ya Lami

Kila bati lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na bado lilikuwa na migongo yake yote na mabonde yake yote. Fundi aliyatengeneza kwa tyubu tupu za dawa ya ngozi: alizipasua, akaziosha, akazilaza juu ya kibao alichokipangia nyaya nyembamba, kisha akazisugua kwa kijiti butu mpaka zikapata mawimbi. Majirani walimkusanyia tyubu hizo huku wakimtania kwamba mtaa mzima sasa unajua ana upele mwili mzima. Alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka na kupita, mtu wa kusema kazi ni kazi.

Makumbusho yalikuwa yamemwagiza mfano mdogo wa ghala la jeshi, lile la wakati wa vita, ukae ndani ya kisanduku cha kioo katikati ya ukumbi mpya. Agizo lilisisitiza neno moja: usahihi. Bati lipishane na jirani yake kwa wimbi moja na nusu. Msumari upigwe mgongoni, usipigwe bondeni, maana bondeni ndiko yapitako maji. Watu wanaoshikilia usahihi namna hiyo, ungedhani wanautaka na ukweli.

Ghala lenyewe lilikwisha kubomolewa. Ilibaki picha moja, iliyopigwa siku ya kufunguliwa. Kwa kutaka uhakika zaidi, fundi alimuuliza mama yake, maana ghala lilitazamana na nyumba aliyokulia mama huyo.

Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini ukungu huo haukufika kwenye kumbukumbu. Alimsimulia jinsi wanajeshi walivyoingia mtaani na lori, mvua za masika zikiwa zimekolea. Hawakuja na maelezo. Walikuja na mitaimbo. Walibandua bati nyumba hadi nyumba, na ilipofika jioni mtaa ulikuwa umebaki boriti tupu, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Wakaambiwa nchi iko vitani, kila mtu achangie. Na michango ya vita ina adabu zake: inajua milango ya kubisha na milango ya kupita kimya. Nyumba ya mkuu wa kambi yao haikuchangia hata msumari. Ukiporwa paa unaachiwa mbingu, nayo mbingu ya msimu ule ilikuwa inavuja. Mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, alilowa, kifua kikambana, na masika yakaisha bila yeye.

Mabati yalipanda juu ya ghala. Lakini boriti za ghala hazikupangwa kama boriti za nyumba, kwa hiyo matundu ya zamani ya misumari yaliangukia hewani. Yakazibwa kwa lami, misumari ikatoboa matundu mapya. Ndiyo maana paa zima lilikuwa na madoa meusi.

"Baba alikuwa anapiga misumari miwili miwili pembeni, kwa kuogopa upepo," alisema mama. "Kwa hiyo ya kwetu nilikuwa nayajua. Madoa pacha, kama macho. Nikipita barabarani yananitazama."

"Mbona kwenye picha hayapo?"

"Walipaka rangi nyekundu, wakubwa walikuwa wanakuja. Jua lilipowaka sawasawa, lami ikalainika, ikapenya rangi, ikarudi. Wakapaka tena, ikarudi tena." Akamgeukia mwanawe. "Uyaweke, baba. Niyaone kabla macho yangu hayajafunga duka."

Akayaweka. Alitumia lami halisi, tone kwa tone, kwa ncha ya sindano. Alianza kama anavyoanza kazi zote, akipiga mluzi. Alipofika pembeni, kwenye yale mapacha, mluzi ulikatika wenyewe. Ilimjia kwamba yule mtoto aliyelowa alikuwa mjomba wake, mjomba asiyefikia umri wa kuitikia akiitwa. Tangu hapo hakusema tena kazi ni kazi.

Mfano ulipofikishwa ukumbini, mkuu wa makumbusho aliukagua kwa kioo cha kukuzia. Alisifu mapishano, akasifu misumari. Kisha akasita.

"Huu uchafu ni wa nini, fundi?"

Fundi alimweleza yote: lori, mitaimbo, masika, boriti, mtoto. Mkuu alimsikiliza bila dharau, na hilo ndilo lililomvunja nguvu fundi, kwa sababu mwenye dharau unaweza kugombana naye. Alipomaliza, mkuu alisema kwa upole kwamba ushahidi ulio mezani ni picha, na kwenye picha paa ni jekundu, safi. Maneno ya mama yana heshima yake, lakini kamati ya makumbusho haikuagiza mama.

"Juu yangu nami kuna watu," alisema. "Paka rangi, ndugu yangu. Usipopaka wewe atapaka mwingine, na huyo ataanza kwa kukwangua."

Mikono ya fundi ilijua mambo madogo; hili lilikuwa kubwa, na mfano ulikwisha kuwa mali yao. Aliwaza msasa wa huyo mwingine ukipita juu ya yale macho. Akachukua brashi. Alichagua rangi nyepesi kuliko zote, akapaka mara moja tu, mkono mwepesi, akiyatazama madoa yakizama moja moja. Kuna jua, alijiambia. Ndani ya kisanduku kutakuwa na taa, na taa nayo ni jua la aina yake.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alizungumza kirefu juu ya mashujaa waliolijenga ghala. Watu wakapiga makofi. Mama, ameshikwa mkono na mwanawe, alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Bibi, usiguse," mlinzi alimwonya.

"Sigusi. Nachungulia kwetu."

Alichungulia sana. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Siyaoni. Ni macho yangu, au hayapo?"

"Yapo, mama. Yako chini ya rangi."

Hakumlaumu. Alitikisa kichwa kama mtu anayekutana na jamaa wa zamani asiyempenda. "Basi ni kama siku ile," alisema. "Tungoje jua." Akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani.

Fundi umeme alikuwa anakunja ngazi yake karibu na hapo. Alimpigapiga fundi begani, akampongeza kwa kazi, kisha akajipongeza mwenyewe: taa hizi ni za kisasa, alisema, ziwake mwaka mzima, hata inzi akizikalia hapati joto.

Fundi alisubiri mpaka mlinzi akageukia upande mwingine. Akaweka kiganja juu ya kioo, pale hasa taa zilipomulika.

"Paa limeanza kupata joto?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Bado, mama," alisema, na mkono wake akauacha palepale, kama mtu anayepapasa paji la mtoto.